Mabango ya Vita na Mabinti Zetu: Tutie Mkono Ndani ya Nafaka

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu zetu Waislamu, wazazi, walezi na wanafunzi wetu. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Leo tunapenda tuzungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kupitia simu za mkononi, nalo ni matangazo yanayowaita mabinti zetu kwenda kufanya kazi viwandani katika nchi iliyo vitani. Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, kwani haifai kuwausia watu huku tukificha kosa letu.

BARUA TULIYOIPIGA MUHURI

Ilikuwa mwaka 2024, siku chache kabla ya Ramadhani. Baada ya swala ya Alasiri alitujia binti mmoja ambaye tumemsomesha hapa madrasa tangu akiwa na miaka 7. Ni binti mwenye adabu, msomaji mzuri wa Qur'ani, na wakati huo alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza Senior Six lakini hakupata udhamini wa kwenda chuo, kwa hiyo alikuwa akimsaidia mama yake kuuza nguo za mitumba pale soko la Owino. Akatuamkia, akakaa mkekani, akatoa simu.

"Mwalimu, nimepata nafasi ya kwenda Urusi," alisema. "Ni kusoma na kufanya kazi, mambo ya hoteli. Tiketi ya ndege wanalipa wao. Nahitaji barua ya kuthibitisha tabia yangu."

Akatuonyesha tangazo lenyewe. Wasichana wa Kiafrika wamevaa fulana za rangi moja, wanacheka, mmoja ameinua kidole gumba, na nyuma yao kuna theluji. Ukitazama picha ile unaona wazi kwamba wasichana wale wamefika mahali.

Tukamuuliza swali moja tu: je, ataruhusiwa kuvaa hijabu? Akajibu kuwa ndiyo, tena mahali penyewe ni Tatarstan, kuna Waislamu wengi na misikiti mikubwa. Hapo tukafurahi. Tukaanza kumsimulia habari za Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa wa Baghdad akafika kwa watu wa mto Volga mwaka 922, na namna Uislamu ulivyoshika mizizi katika ardhi ile. Tukatoa darsa la historia la nusu saa, kisha tukaandika barua, tukaipiga muhuri wa madrasa, tukamuombea dua. Akaondoka na furaha yake.

Wiki mbili baadaye alikuja ssenga wake, dada wa marehemu baba yake. Mama huyu hakusoma sana, anauza mihogo na ndizi za kuchoma karibu na stendi ya taksi. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mwalimu, nimeambiwa umemwandikia barua. Hebu niambie na mimi, anakwenda kufanya kazi gani?"

Tukasema: hoteli.

Akasema, "Hoteli gani? Ya nani? Inaitwaje?"

Hatukuwa na jibu. Mtu aliyesoma miaka mingi alishindwa na swali la mama muuza mihogo.

Jibu lilikuja lenyewe katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tarehe 2 Aprili 2024 ndege zisizo na rubani za Ukraine ziliruka zaidi ya kilomita 1,000 na kupiga eneo lile lile la Tatarstan ambalo binti yetu alikuwa akijiandaa kwenda. Bweni la wafanyakazi lilipigwa, watu wakajeruhiwa, na miongoni mwa waliokuwa wakiishi pale walikuwamo vijana wa Kiafrika. Sasa jiulize, ndugu msomaji: tangu lini jeshi likasafirisha mabomu masafa kama hayo ili kupiga shule ya hoteli?

KILICHOKUWA NYUMA YA PICHA

Mahali penyewe panaitwa Alabuga, ni eneo maalumu la viwanda karibu na mji wa Yelabuga, kiasi cha kilomita 1,000 mashariki ya Moscow. Mpango wa kuwachukua wasichana unaitwa Alabuga Start. Unawataka wasichana wa miaka 18 hadi 22. Matangazo yake yalienea Facebook, TikTok na Instagram, na masharti yake yalikuwa mepesi mno: kucheza mchezo fulani wa kompyuta, na kujua maneno 100 ya Kirusi. Kazi zilizotajwa ni za hoteli na upishi, usafirishaji wa mizigo, ufundi wa majengo na mfano wa hayo.

Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi wake. Lilieleza kuwa wasichana wapatao 200 walikuwa wameshachukuliwa kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone na Nigeria, na wengine kutoka Sri Lanka. Wengi wao walipofika walikuta kwamba kazi inayowangoja ni kuunganisha ndege zisizo na rubani za kivita, zile ambazo asili yake ni Iran na huitwa Shahed, nao Warusi wameziita Geran. Ndege hizi hubeba mabomu na kujilipua zinapofika zinakotumwa. Zimeangukia miji ya Ukraine usiku, na watu wamekufa wakiwa wamelala majumbani.

Wasichana waliozungumza na waandishi walilalamikia saa nyingi za kazi, kuchungwa kila wanapokwenda, na kemikali kali inayowatoboa ngozi ya uso na kuwawasha. Na ile tiketi ya bure? Mmoja wao alisema kuwa nauli, malazi, matibabu na masomo ya Kirusi vyote vilikatwa katika mshahara wake. Kwa uadilifu tuseme pia kwamba hawakulalamika wote. Yupo aliyesema kwamba anapapenda, analipwa vizuri na amepata marafiki. Hatumkanushi. Lakini hata yeye hawezi kusema kwamba tangazo lilimwambia atakwenda kutengeneza silaha.

Na sisi Waganda tumo ndani ya habari hii zaidi ya wengi. Waziri wetu wa wakati huo wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Mheshimiwa Betty Amongi, aliliambia shirika hilo kuwa wizara yake ilipeleka wasiwasi wake kwa ubalozi wetu mjini Moscow, hasa kuhusu umri mdogo wa wasichana wanaotakiwa. Alisema hakuna Mganda aliyekwenda huko. Lakini ukurasa wa Facebook wa Alabuga wenyewe ulisema kuwa wasichana wa Uganda waliopo ni 46. Je, hao 46 ni mabinti wa nani? Bila shaka wana wazazi, na huenda wana walimu waliowaandikia barua kama sisi.

Baadaye mambo yakazidi kubainika. Mei 2025 taasisi ya kimataifa inayochunguza uhalifu wa kuvuka mipaka, Global Initiative, ilitoa ripoti kamili juu ya wasichana hawa. Agosti 2025 serikali ya Afrika Kusini iliwaonya raia wake, baada ya watu mashuhuri wa mitandaoni kuutangaza mpango huo kwa wafuasi wao. Baadhi ya watu hao waliomba radhi. Hivyo basi leo hakuna anayeweza kusema hajasikia.

MABANGO HAYA SI MAPYA

Ndugu zetu, jambo hili lina babu na bibi. Kila vita kubwa ya zama hizi imewahitaji wanawake viwandani, kwa kuwa wanaume wanapelekwa mbele na mtu wa kutengeneza risasi lazima apatikane. Na kila mara mwito umekuja kwa picha.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, Waingereza walibandika bango lililochorwa na Philip Zec. Mwanamke amesimama, mikono ameinyoosha juu, nyuma yake vifaru vinatoka kiwandani na ndege za kivita zinaruka angani. Maneno yake yaliwaita wanawake wa Uingereza waje viwandani. Mabango hayakutosha, na ilipofika Desemba 1941 sheria ikapitishwa ya kuwalazimisha wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30 kuingia katika utumishi wa vita. Kule Marekani kuna lile bango la mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu kichwani na kukunja mkono kuonyesha msuli. Wengi hudhani lilikuwa bango la kuandikisha wanawake. Kwa hakika J. Howard Miller alilichora kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likatundikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa muda mfupi mwaka 1943, ili waliokwisha kuajiriwa wasichoke wala wasilalamike. Umaarufu wake ulikuja miaka mingi baada ya vita.

Hata lugha yetu ya Kiswahili haikusalimika. Wakati ule Waingereza walichapisha bango lenye maneno "Askari wetu washinda Wajapani", likimwonyesha askari wa Kiafrika akiwa shujaa vitani. Vijana wa Uganda walikwenda mpaka Burma wakiwa katika jeshi la King's African Rifles, wakati wanawake wetu wakibaki na jembe, pamba na watoto. Wanawake wa hapa hawakuitwa viwandani kwa sababu viwanda vyenyewe vilikuwa vichache. Tatarstan ndiyo imetufikishia mwito ule, baada ya miaka 80.

Na mabango yale ya zamani hayakuonyesha nini? Hayakuonyesha ngozi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wa Uingereza waliojaza baruti ya TNT katika makombora walibadilika ngozi na nywele zikawa njano, mpaka watu wakawapachika jina la ndege wa njano aitwaye kanari. Baadhi yao walikufa kwa sumu iliyoharibu maini. Tarehe 5 Desemba 1916 mlipuko katika kiwanda cha Barnbow, karibu na Leeds, uliua wanawake 35 kwa mara moja, na habari zake zikabanwa ili wengine wasiogope kuja kazini. Soma tena habari za wasichana wa Alabuga wanaotobolewa ngozi na kemikali, kisha utuambie ni nini kilichobadilika.

Mabango hayakuonyesha mshahara pia. Wanawake walilipwa chini ya wanaume waliosimama kwenye mashine ile ile, na mwaka 1943 maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Rolls-Royce cha Hillington, Glasgow, waligoma kwa ajili hiyo. Wala hayakuonyesha siku ya mwisho. Vita vilipokwisha, wengi wa wanawake hawa waliambiwa asante, warudi jikoni, mashine ziachwe kwa wanaume waliorejea.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapo ndipo penye nia yetu ya kuandika. Bango la mwaka 1941, pamoja na yote liliyoyaficha, lilionyesha vifaru na ndege. Mwanamke aliyelitazama alijua kwamba anaitwa vitani. Angeweza kukataa moyoni au kukubali, lakini alijua. Tangazo alilotuonyesha binti yetu halikuwa na hata msumari mmoja wa silaha. Lilikuwa na theluji, fulana na vicheko. Wachoraji wa zamani walipamba vita, na hawa wa leo wameifuta kabisa kwenye picha.

NAFAKA KAVU JUU, MBICHI CHINI

Kila mtoto wa madrasa amesoma kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akamkuta mtu anauza nafaka iliyorundikwa. Juu ilikuwa kavu na safi. Mtume akaingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka wazi kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Kisa hiki kimepokewa na Imamu Muslim.

Tazameni, ndugu zetu, kwamba muuzaji yule hakusema uongo kwa ulimi wake. Alipanga tu rundo lake. Kilicho kizuri akakiweka juu, kilicho kibaya akakificha chini, akanyamaza. Na hivyo ndivyo tangazo linavyofanya kazi. Wasichana wale wanaocheka huenda walicheka kweli siku ile ya kupigwa picha. Lakini picha imepangwa kama rundo la nafaka, na mnunuzi ni msichana wa miaka 19 aliyechoka kukaa Owino.

Wanafunzi wetu wa fiqhi wanajua kwamba mkataba wa kazi, yaani ijara, una masharti yake. Kazi ijulikane, ujira ujulikane, muda ujulikane, na kazi yenyewe iwe ya halali. Kikikosekana kimoja, mkataba umeingiwa na gharari, yaani hali ya kutojulikana inayomdhuru mmoja wa wanaokubaliana. Msichana anayesaini kwenda hotelini akajikuta kwenye meza ya silaha, huyo hakujua kazi. Anayekatwa mshahara kulipia tiketi aliyoambiwa ni ya bure, huyo hakujua ujira.

Na mfano mzuri wa mkataba tunao ndani ya Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Alikuwa na haja kubwa, na mwenye haja ni rahisi kudanganywa. Mzee wa Madyan alimwambia mapema: kazi ni miaka 8, ukitimiza 10 ni kwa hiari yako, nami sitaki kukutaabisha. Muda umetajwa, malipo yametajwa, na pande zote mbili zikamuweka Allah kuwa shahidi. Tena tusisahau kwamba waliomkutanisha Musa na kazi hiyo ni mabinti wawili waliokuwa kazini, wakichunga na kunywesha mifugo kwa kuwa baba yao ni mzee. Kwa hiyo asije mtu akachukua makala hii kuwa hoja ya kuwafungia mabinti ndani. Kazi ya mwanamke haina ubishi hapa kwetu Kampala. Ukiwatoa wanawake sokoni siku moja, mji utalala njaa. Tunachokataa ni kufichwa.

Kuhusu silaha, wanazuoni wetu wa zamani walijadili hata hukumu ya kumuuzia mtu silaha wakati wa fitna, na wengi wao waliikemea au kuiharamisha, kwa sababu muuzaji anashiriki katika damu itakayomwagika. Sisi hatuna jambo na Warusi wala Waukraine, na hatuandiki kumpendezesha yeyote kati yao. Tunasema tu kwamba mtu ana haki ya kujua kama kazi ya mikono yake itaishia sebuleni mwa mtu akiwa amelala. Msichana asiyeambiwa amenyang'anywa hata nafasi ya kuiuliza dhamiri yake.

TUSIWACHEKE WENGINE

Hapa lazima tujitazame na sisi. Tangu Uganda ilipofanya makubaliano na Saudi Arabia mwaka 2015 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, wasichana wengi wa Kiislamu wamekwenda kyeyo katika nchi za Ghuba. Wapo waliofanikiwa, wamejenga nyumba na kusomesha ndugu zao, na tunawaombea baraka. Wapo pia waliorudi wagonjwa, wamedhulumiwa mishahara, na wengine walirudi maiti. Na tunajua namna baadhi ya mawakala walivyowaita: "Unakwenda nchi ya Mtume, utafanya Umra, utaishi kwa Waislamu wenzako." Hilo nalo ni bango, hata kama halikubandikwa ukutani. Dini ilitumika kuwa nafaka kavu ya juu. Na sisi walimu mara ngapi tulisimama kwenye mimbari tukaonya? Sisi tuliotulizwa na neno "Tatarstan kuna misikiti" tunajua jinsi chambo hicho kinavyonasa.

SWALI AMBALO HATUJALIJIBU

Baada ya habari za Aprili 2024 tulimwita yule binti pamoja na mama yake na ssenga wake. Pasipoti yake ilikuwa bado haijatoka. Tukamweleza tuliyoyasikia, tukamwomba atuandikie wale watu maswali matatu: jina la hoteli, nakala ya mkataba kwa lugha anayoifahamu, na nani atakayelipa tiketi ya kurudi akitaka kurudi. Akaandika palepale. Jibu lililokuja lilikuwa picha nyingine ya wasichana wanaocheka.

Tulidhani atatushukuru. Alilia, kisha akasema kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mwalimu, nyote mnajua pa kunikataza kwenda. Nani kati yenu anajua pa kunipeleka?"

Mama yake akamkemea. Lakini ssenga akasema mwacheni, amesema kweli. Nasi tukanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Leo tunapoandika haya yuko salama, alhamdulillah, na bado yuko Owino. Hatujui kama ametusamehe, kwanza kwa ile barua, pili kwa kumzuia.

Wazazi wenzetu, bango halimpati binti aliyeshiba matumaini. Wale wenye viwanda wanajua sana kwamba Kampala ina maelfu ya vijana waliomaliza shule na hawana kazi, ndiyo maana wanakuja kwetu. Wanajua kwamba msichana wa miaka 18 ana simu, ana ndoto, na hana mtu wa kukaa naye wakasoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Ikiwa sisi tutabaki kukataza tu, tangazo litatushinda. Tangazo linamwambia anaweza. Sisi tunamwambia asiende, basi.

TUFANYE NINI?

Allah ametuamrisha katika Surat al-Hujurat kuzihakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Amri hii haiishii kwenye umbea wa mtaani, inaingia hadi kwenye tangazo la kazi. Tunapendekeza kila familia iulize mambo haya, na majibu yaandikwe kwenye karatasi:

1. Mwajiri ni nani kwa jina lake kamili, na anatengeneza au anauza nini? Ukiambiwa "kampuni kubwa ya kimataifa", hilo si jibu.

2. Kazi ya kila siku ni ipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani ameiona?

3. Mshahara ni kiasi gani baada ya makato, na makato hayo ni yapi?

4. Pasipoti atashika nani? Akitaka kuondoka kabla ya muda, atalipa nini na nani atamrudisha?

5. Wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii? Wizara ina orodha ya makampuni yenye leseni, nayo inaweza kuulizwa. Tukumbuke pia kwamba sheria yetu ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu inahesabu udanganyifu wa kumpeleka mtu kwenye unyonyaji kuwa jinai.

6. Kwa nini wanataka wasichana wa umri huu tu? Mtu anayetafuta mpishi hutafuta ajuaye kupika. Anayetafuta wasichana wa miaka 18 hadi 22 peke yao, ana sababu yake, naye aiseme.

Kwa upande wetu, madrasa yetu imeamua kuwa haitapiga muhuri barua yoyote ya safari ya kazi mpaka majibu haya yaletwe, na mzazi au mlezi awepo. Tunawaomba maimamu na walimu wenzetu wafanye hivyo. Muhuri wa madrasa una uzito kwa watu, na sisi tuliutumia kama mapambo.

Na kwa lile swali la binti yetu, tunaomba misikiti ilitazame kwa uzito wake. Tunakusanya Zaka na Sadaka, tunajenga minara, tunabadilisha mazulia. Je, hatuwezi kila mwaka kuwatoa mabinti wachache wa mtaa tukawalipia mafunzo ya ushonaji, uuguzi, kompyuta au ualimu, au kuwapa mtaji wa kuanzia biashara? Je, wafanyabiashara wetu Waislamu wenye maduka na viwanda hapa mjini hawawezi kuja siku moja msikitini kusema wanahitaji wafanyakazi wangapi na wa kazi gani? Tumeanza kuzungumza na wazee wa msikiti wetu juu ya hilo. Bado hatujapata kitu cha kumwonyesha yule binti, na hatutajisifu kabla hatujakipata.

Wewe binti unayesoma haya kwenye simu yako, usidhani tunaibeza ndoto yako. Safiri ukitaka, soma, fanya kazi, uwasaidie wazazi wako. Lakini kabla hujasaini, ingiza mkono wako ndani ya rundo. Uliza jina la hoteli. Wakikutumia picha nyingine badala ya jibu, basi ujue vidole vyako vimeshagusa unyevu. Na ukiwa huna wa kumuuliza, njoo madrasa baada ya Alasiri, uje na ssenga wako.

Tunamuomba Allah awahifadhi mabinti zetu walioko mbali, awarejeshe kwa salama wanaotaka kurejea, na atusamehe sisi tulioandika bila kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.